Mlalamikaji Anapoomba Kesi Ifutwe

Hakimu yeyote aliyekaa mahakama ya mwanzo kwa muda nchini Tanzania hayaoni mageni maneno haya: "Mheshimiwa, mimi nimemsamehe. Naomba kesi iishe." Anayeyasema ni mwanamke aliyefika kituoni wiki kadhaa nyuma jicho limefumba, akaandikisha maelezo, akapewa RB (namba ya taarifa yake kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), akashonwa hospitalini. Mumewe yuko kizimbani. Nyuma wamekaa ndugu wa pande zote mbili, wamevaa kama watu waliotoka kwenye kikao, na kweli wametoka kwenye kikao. Hakimu anauliza kama kuna aliyemtisha au kumlazimisha. Anajibu hapana. Jibu linaandikwa kwenye jalada, anaweka sahihi, na wote wanatoka kuelekea nyumba ileile.

Ukiwauliza wanaozishughulikia kesi hizi utapewa maelezo ya haraka: akina mama hawa hawana msimamo. Leo analia mtu akamatwe, kesho anampelekea chakula mahabusu, keshokutwa anakuja kumtoa. Sitaki kuudharau uchovu ulio ndani ya maneno hayo. Askari wa dawati la jinsia aliyetafuta usafiri kwa fedha ya mfukoni mwake ili akamkamate mtu, kisha akaona jalada likifungwa kwa sentensi moja, ana haki ya kuvunjika moyo. Lakini maelezo hayo si sahihi, na yana madhara, kwa sababu yanawaondolea wengine wote wajibu wao. Ninavyoona mimi, mwanamke huyu amepiga hesabu. Amepima kile ambacho polisi, hakimu na sheria wanaweza kumpa, akakilinganisha na atakachopoteza, na mara nyingi hesabu yake ni nzuri kuliko ya wanaomlaumu. La kuchunguza ni kwa nini kesi ya jinai, ambayo uzito wake ni wa jamii nzima, inajengwa isimame juu ya mguu mmoja tu, yaani yeye.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilitamka jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado zinalikwepa: kifungu cha 66 kinasema kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kinamlinda mke, kinamlinda na mume, maana wapo waume wanaopigwa ambao aibu haiwaruhusu hata kukaribia kituo. Ila kifungu kimetamka tu. Hakikuweka adhabu wala utaratibu. Aliyepigwa inabidi aende kwenye Kanuni ya Adhabu, na huko atakuta makosa yaleyale wanayoshtakiwa nayo walevi waliopigana baa: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, kujeruhi, kusababisha madhara makubwa. Kila kosa lina tarehe yake na jeraha lake. Sheria inaiona jioni ya Jumamosi. Haiioni miaka iliyotangulia: simu kukaguliwa kila usiku, fedha ya matumizi kukatwa, mlango kufungwa kwa nje, vitisho vya kuwapeleka watoto kwa bibi yao mkoani. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Na mume kumwingilia mkewe kwa nguvu si kosa la kubaka mpaka wawe wametengana. Ndivyo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilivyoliacha jambo hilo.

Sheria hiyo inatumika ndani ya jamii ambayo bado haijakubaliana nayo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 27. Kenya, mwaka huohuo, asilimia 34. Lakini takwimu inayoeleza zaidi yanayotokea mahakamani ni nyingine. Katika utafiti huo wa 2015–16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kwamba mume ana sababu ya kumpiga mkewe katika angalau hali moja, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kumjibu. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Askari, daktari, hakimu na mwenyekiti wa mtaa wamekulia humohumo. Mlalamikaji naye amekulia humo. Wako wanaofika kituoni bila uhakika kama walichofanyiwa ni kosa, au ni kwamba safari hii tu kimezidi kipimo.

Akivuka hapo, anakutana na mahakama ya mwanzo, ambako mashauri mengi ya shambulio la kawaida husikilizwa. Huko hakuna wakili wa serikali wa kuisimamia kesi. Mlalamikaji ndiye anayeibeba: anatoa ushahidi, anawaleta mashahidi, anamhoji mshtakiwa, naye anahojiwa na mshtakiwa mwenyewe uso kwa uso. Mtu ambaye kwa miaka mingi amejifunza kutoinua macho mbele ya mwanaume huyu anatakiwa asimame hatua chache kutoka kwake na kumuuliza maswali. Siku asipofika, shauri linaweza kufutwa. Nauli ni yake, na siku ya kazi inayopotea ni yake. Katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi wapo waendesha mashtaka, na tangu kazi hiyo ianze kutolewa mikononi mwa polisi na kukabidhiwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, umakini umeongezeka. Hata hivyo, ukilifungua jalada utakuta mara nyingi lina shahidi mmoja wa maana.

Halafu kuna dhamana. Makosa haya yana dhamana, na ni sawa, kwa kuwa mtu hajahukumiwa. Kasoro ni kwamba dhamana hutolewa bila yeyote kuuliza mshtakiwa atalala wapi usiku huo. Analala nyumbani. Mwanamke aliyeripoti asubuhi anaweza kusikia hodi ya mume wake jioni, naye sasa ana kinyongo kipya. Masharti ya dhamana yangeweza kumzuia asikanyage hapo wala asiwasiliane na shahidi, na mamlaka ya kuweka masharti yapo. Hayatumiki inavyopaswa.

Ndipo kikao kinapoitwa. Ni sebuleni kwa baba mkubwa, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, chai imechemshwa. Mshenga yupo, maana ndiye aliyesimama katikati wakati wa posa na sasa anajiona mdaiwa. Mama mkwe anaanza kwa upole: "Mwanangu, sisi wote tumepita huko." Shemeji anakumbusha kwamba kaka akifungwa, ada ya watoto haitakuwa na mwenyewe. Baba mzazi wa mwanamke, aliyepokea mahari, hasemi kitu, na kimya chake kinamwelemea binti yake kuliko maneno ya wote. Mume anaomba radhi, anatozwa faini, na faini inakabidhiwa wazee. Hakuna aliyepaza sauti wala aliyetoa kitisho. Kwa hiyo hakimu atakapomuuliza mwanamke huyu kama ametishwa, jibu lake la hapana litakuwa la kweli kabisa, na swali la hakimu litakuwa limepita pembeni ya kilichotokea.

Sheria zenyewe zinakipa kikao hicho baraka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika kesi za shambulio la kawaida na makosa mengine ya binafsi, pale inapoona maslahi ya umma hayadai adhabu. Ya Kenya ina kifungu cha 176 kinachofanana na hicho, nayo imeweka mpaka: kosa lisiwe kubwa wala lisiwe limezidishwa ukali. Katika Sheria ya Ndoa, mtu anayetaka talaka lazima kwanza apitie baraza la usuluhishi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nia ya vifungu hivi naielewa na kwa sehemu naiheshimu. Watu wetu wamekuwa wakisuluhishana tangu kabla ya mahakama za mkoloni, na ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa shamba huisha vizuri zaidi barazani kuliko gerezani. Lakini usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema hapana. Mmoja akiwa anamwogopa mwenzake, kinachoitwa mapatano ni masharti ya aliye na nguvu yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Zanzibar wana jina la kinachowazuia watu kusimama mahakamani dhidi ya ndugu: muhali. Viongozi wa huko wameulalamikia hadharani kwa miaka mingi, na hatua zilichukuliwa. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, ili aliyeumizwa apate daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji. Muhali haukutoweka kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mtu hazungushwi tena kati ya ofisi tatu akirudia hadithi yake kwa kila mgeni, na kila anapopunguziwa safari moja, nafasi ya ndugu kumpata njiani inapungua.

Turudi kwenye hesabu ya mwanamke mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo watunga sera hupita haraka. Mume akifungwa, mshahara wake unasimama. Akitozwa faini, faini inatoka kwenye fedha ileile ya unga na kodi ya nyumba. Akiachiwa, anarudi na hasira. Na kama kesi itaishia kwenye talaka, nyumba ni ya nani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kutisha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni hukumu kubwa, na inastahili kukumbukwa pia kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe ndizo zilikuwa fungu lake. Wanawake wengi hawaijui hukumu hiyo. Wanachokijua ni jirani aliyeondoka na mabegi mawili. Anayemwambia mtu wa namna hiyo "toa ushahidi, haki itatendeka" hajamwambia atakula nini katika miezi ambayo haki itakuwa inatendeka.

Je, sheria inaweza kumlazimisha? Inaweza, na wengi hawalijui hilo. Kwa kawaida mke hawezi kushurutishwa kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mumewe. Lakini Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kama ya Kenya katika kifungu cha 127, inaiondoa kinga hiyo pale kosa linapohusu mwili au mali ya mwenzi au ya watoto wao. Kinga hii ina historia chungu katika eneo letu. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa Kenya ya kikoloni alimnyima mke wa ndoa ya kimila hadhi ya mke mbele ya sheria ya ushahidi, kwa hoja kwamba ndoa ya mahari ni ununuzi tu. Mke wa Mzungu alilindwa asilazimishwe. Mke wa Mwafrika alivutwa kizimbani kama shahidi mwingine yeyote. Sheria za baada ya uhuru ziliufuta ubaguzi huo, na Tanzania ikataja waziwazi hata wake wa ndoa ya mitala. Kwa hiyo nguvu ya kumlazimisha mwanamke aliyepigwa ipo vitabuni. Waendesha mashtaka hawapendi kuitumia, na wana sababu: shahidi aliyeburutwa husema alianguka bafuni. Upande wa mashtaka utaomba ruhusa ya kumhoji kama shahidi aliyewageuka, utaonyesha maelezo aliyoandikisha polisi hayafanani na anayoyasema sasa, na mwisho wa yote utakuwa umethibitisha kwamba shahidi wake haaminiki. Maelezo ya polisi peke yake hayatoshi kuziba pengo hilo.

Marekani ililijaribu jambo hili kwa ukubwa, na matokeo yake yanafundisha. Lawrence Sherman na Richard Berk walichapisha mwaka 1984 jaribio walilofanya na polisi wa Minneapolis, likionyesha kwamba waliokamatwa kwa kuwapiga wenzi wao walirudia kosa kidogo kuliko walioonywa au kuambiwa waondoke kwa muda. Majimbo yakapitisha haraka sheria za kulazimisha ukamataji. Majaribio yaliyofuata katika miji mingine yalileta picha yenye mikunjo: Milwaukee, kwa mfano, kukamatwa kuliwazuia waliokuwa na ajira, lakini kwa wasio na kazi kulizidisha ukatili. Mwenye cha kupoteza aliogopa. Asiye na cha kupoteza alirudi akiwa mkali zaidi. Waendesha mashtaka wa San Diego walikwenda mbali zaidi wakakataa kufuta kesi hata mwathirika alipoomba, lakini walijiandaa kwa picha, rekodi za simu za dharura na ushahidi wa askari waliofika kwanza. Kwingine ushupavu huo uligeuka kuwa ukatili wa pili. New Orleans, waendesha mashtaka waliomba hati za kuwakamata mashahidi, wakiwamo waathirika wa ukatili wa majumbani na wa kingono, na wapo waliolala jela ili kuhakikisha watafika kutoa ushahidi. Mfumo unaomfunga aliyepigwa umesahau uliundwa kwa ajili ya nani.

Brazili ilichagua njia nyingine. Maria da Penha alipigwa risasi na mumewe akiwa amelala, mwaka 1983, akabaki amepooza; mashtaka yakasuasua mpaka Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipoilaumu serikali mwaka 2001. Sheria yenye jina lake ilipitishwa 2006, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba kesi ya kumjeruhi mwenzi haihitaji malalamiko ya mwathirika ili iendelee. Faida ya uamuzi huo inaonekana ukiutazama kutoka sebuleni kwa baba mkubwa. Ndugu wakijua kwamba mwanamke hana uwezo wa kuifuta kesi, hawana sababu ya kumwita kikaoni wambembeleze aifute.

Hukumu ninayotaka mahakimu wetu waisome ni ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya katika shauri la Opuz dhidi ya Uturuki, ya mwaka 2009. Nahide Opuz na mama yake waliripoti vipigo tangu miaka ya 1990 na mara kadhaa wakaondoa malalamiko. Serikali ilijitetea kwa hoja tunayoijua vizuri huku kwetu: wenyewe walifuta, tungefanya nini? Kumbe malalamiko yalikuwa yakiondolewa kila mwanaume alipoachiwa na kuanza kuwatisha. Mwaka 2001 alimchoma mkewe visu saba, akatozwa faini ya kulipa kwa awamu. Mwaka 2002 alimpiga mama mkwe risasi akamuua. Mahakama ilisema kufutwa kwa malalamiko hakuiondolei serikali wajibu. Kadiri kosa lilivyo zito na hatari ya kurudiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo mashtaka yanavyopaswa kuendelea hata mwathirika akijitoa, na mamlaka zipime mambo yanayoonekana: silaha, vitisho, watoto nyumbani, historia ya vipigo. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, ila hoja yake haina mipaka ya bara. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, na itifaki hiyo inazitaka serikali zizuie na kuadhibu ukatili dhidi ya wanawake, ufanyike hadharani au faraghani.

Ili mashtaka yaendelee bila yeye, ushahidi lazima ukusanywe katika saa za mwanzo, kabla kikao hakijaitwa. Hapa ndipo kazi inapoharibika kwa namna ya kawaida kabisa. Itazame PF3. Aliyeumizwa anaichukua kituoni, anaipeleka hospitali, daktari anaijaza, inarudishwa polisi. Kwenye mstari wa maelezo ya jeraha unaweza kukuta maneno mawili: "michubuko usoni". Ukubwa hautajwi, wala rangi ya kueleza umri wa jeraha. Hakuna neno juu ya alama za vidole shingoni, ambazo ni dalili ya kukabwa, na aliyekabwa leo yuko katika hatari kubwa ya kuuawa kesho. Daktari angeandika sentimita, upande, na maneno ya mgonjwa kuhusu aliyemuumiza, angekuwa ameacha shahidi asiyeweza kualikwa kikaoni. Miezi mitano baadaye daktari amehamishwa wilaya nyingine, na mshtakiwa ana haki ya kutaka aitwe aulizwe maswali. Fomu ya maneno mawili haiwezi kujitetea.

Yapo mengine yaliyo karibu na mkono. Simu ya askari inapiga picha: ukuta wenye damu, kiti kilichovunjika, mlango uliong'olewa bawaba. Jirani aliyegonga mlango usiku ameona na kusikia mwenyewe. Ujumbe wa sauti ambao mume alimtumia shemeji yake akijisifu au akiomba radhi unapokelewa mahakamani. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa aina hiyo una njia yake rasmi. Askari wa kwanza kufika akiandika alichokiona kwa macho yake, kwamba mwanamke alikuwa akitetemeka, kwamba mtoto alijificha chini ya kitanda, maandishi hayo yana uzito wake. Dawati la Jinsia na Watoto lilianzishwa kwa kazi hii, na liliupunguza ule unyanyasaji wa kaunta ya mbele, ambapo mtu alieleza mambo ya chumbani mbele ya foleni. Lakini dawati lisilo na gari, kamera wala askari wa zamu ya usiku litaendelea kumtegemea mlalamikaji ajiletee kila kitu mwenyewe.

Kenya imetangulia kwa jambo moja ambalo Tanzania Bara inalihitaji kuliko adhabu yoyote mpya. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015 inamruhusu aliyeathirika kuomba mahakamani amri ya ulinzi, hata ya muda, bila kusubiri upande wa pili usikilizwe. Amri inaweza kumzuia mtuhumiwa asimkaribie, asiingie nyumbani, asimtumie mtu kumsumbua. Kuivunja ndiko kunakokuwa kosa. Kwa namna hii usalama unatenganishwa na adhabu. Mwanamke hatakiwi kuchagua usiku mmoja kati ya kumfunga baba wa watoto wake na kuendelea kupigwa. Anaweza kusema: nisitiri kwanza, mengine tutayaona. Nimesema wengi wanaomba kesi ifutwe. Wachache sana huomba kipigo kiendelee.

Udhaifu wa Kenya uko kwenye utekelezaji. Amri ni karatasi mpaka askari aipeleke, na askari akikuta ndoa nyuma ya mlango bado anashawishika kuwaambia wakae chini wazungumze. Mahakama ya kwanza maalumu ya ukatili wa kijinsia ilizinduliwa Shanzu, Mombasa, mwaka 2022, na kwa nchi ile kubwa hiyo ni hatua ya mwanzo tu. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanaume aliyewahi kuwa mwenzi wake, akafariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Wazazi wake walisema kwamba polisi walikuwa wamekwisha kuarifiwa juu ya ugomvi huo. Miaka mitatu kabla, Iten, mwanariadha mwingine, Agnes Tirop, alikutwa ameuawa nyumbani, na mumewe akashtakiwa. Wanawake hao walikuwa na majina, medali na fedha. Ukimya uliowazunguka si tofauti na unaomzunguka muuza mboga wa Mbagala.

Uganda, kwa sheria yake ya 2010, iliyapa mabaraza ya mitaa mamlaka ya kusikiliza baadhi ya mashauri haya, kwa hoja kwamba mahakama ziko mbali. Umbali ni tatizo la kweli. Lakini mwenyekiti wa baraza la mtaa hunywa chai na mume, na mara nyingi ni jamaa yake. Nina shaka na njia hiyo.

Basi hakimu afanye nini siku anapoambiwa "nimemsamehe"? Asikimbilie kukubali, na asimkaripie. Aahirishe kwa siku chache na azungumze naye faragha, mume na ndugu wakiwa nje, ikiwezekana pamoja na ofisa ustawi wa jamii. Amuulize analala wapi, nani alimlipia nauli ya kuja leo, watoto wako kwa nani, kikao kilifanyika lini na nani walikuwepo. Aagize polisi waseme kama kuna RB nyingine za nyuma zenye majina hayohayo. Kama kuna silaha, kukabwa shingo au vipigo vinavyojirudia, kesi ipelekwe mbele kwa ushahidi mwingine na mwanamke asilazimishwe kusimama. Kama ni jambo dogo na amani inaonekana ya kweli, masharti ya mapatano yaandikwe na mahakama, yataje fedha ya matumizi na makazi, na shauri lipangiwe tarehe ya kurudi kuangaliwa.

Namna ya kufuta nayo ina uzito wake, na hapa uzembe wa kalamu unaweza kumgharimu mtu maisha. Kwa Kenya, mlalamikaji akiruhusiwa kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204, mshtakiwa anaachiwa huru moja kwa moja, na kosa lile haliwezi kufunguliwa tena. Mwendesha mashtaka akiiondoa kesi yeye mwenyewe kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, Kenya na Tanzania pia, mshtakiwa anaondolewa shtaka tu, na linaweza kurudishwa. Njia hii ya pili itumike kila inapowezekana, na jalada litunzwe na RB yake, PF3 yake na picha zake mahali ambapo askari wa zamu anaweza kulipata. Akirudi baada ya miezi minane, mkono umefungwa kwenye khanga, jalada hilo liwe mezani kabla hajaanza kueleza upya.